Chapati ya Mchele na Jina la Mtoto

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya hadithi, nitoe kwanza lililo moyoni. Mwaka fulani nilipata mgeni, mama mmoja wa jumuiya yetu, akaniambia, "Mimi karanga sili, zinanidhuru." Nikamwitikia vizuri, kisha nikamtilia karanga kwenye mchicha. Nilisema moyoni, huyu ana maringo tu. Akavimba uso mbele ya macho yangu. Alipona, nami niliungama, lakini uso ule ninao moyoni mpaka leo. Basi msikilize mkijua kwamba anayesimulia si mtu safi.

Zamani, si ile ya mababu bali zamani ya juzi tu, mashine ya kusaga ilipokuwa imeshafika, palikuwa na mwanamke aitwaye Gaudensia katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Gaudensia na chapati za maji walikuwa kitu kimoja. Asubuhi isiyo na chapati, kwake haikuwa asubuhi. Lakini akila, tumbo linajaa, linasokota, na mwili unakwisha. Akapata mimba, akazidi kukonda. Daktari akampima, akamwambia, "Mama, tumbo lako na ngano havipatani. Ukitaka mtoto azaliwe na afya yake, ngano uiache, hata vumbi lake."

Akaiacha. Asubuhi akapewa magimbi, akatapika. Akapewa uji, akatapika. Akapewa viazi, akavitazama tu. Mimba ikaingia mwezi wa tano, naye mikono imekuwa vijiti.

Ndipo akawaita watu wa nyumba ile, akasema, "Atakayenirudishia chapati yangu ya asubuhi, nikala, nikashiba, tumbo likatulia, huyo ndiye atakayempa mwanangu jina."

Walikuwa watatu. Severini, mumewe, alitaka jina la rafiki aliyemvuta majini mwaka wa mafuriko. Skolastika, mama mkwe, alitaka jina la marehemu mumewe. Na Bertila, wifi yake, hakusema. Lakini wote walijua. Bertila alimzika mwanawe kabla ya ubatizo, na jina alilomwandalia hakuna aliyewahi kuliita.

Wakakubali, wote watatu.

Severini akaingia jikoni. Akanunua unga wa mchele pale mashineni, akakoroga na maji, akamimina kikaangoni. Chapati ikameguka vipandevipande. Majirani wakapita wakicheka, "Severini, umeolewa lini?"

"Nimeolewa leo," akawajibu, "na mahari mtalipa nyinyi!"

Akajaribu tena. Akaponda ndizi mbivu, akapiga yai, akatia tui la nazi, akauacha urojo utulie kwanza ndipo akamwachia dada yake Bertila akaange. Siku hiyo chapati ikashikana, ikageuka bila kupasuka. Gaudensia akala. Tumbo likakataa. Akalala mchana kutwa amejikunja.

Skolastika akafunga kanga kiunoni, akaenda mashineni kutazama. Akamkuta mwenye mashine anasaga ngano ya watu, na akimaliza tu anamimina mchele kwenye mdomo uleule.

"Hufagii?" akamuuliza.

"Bibi, unga ni unga."

"Unga ni unga! Ungekuwa mwanangu ningekuchapa."

Akarudi nyumbani, akaloweka mchele, akatoa kinu, akatwanga. Ana miaka sabini na mbili. Alitwanga, akachekecha, akatwanga chenga zilizobaki, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Severini akakoroga kwa mtindo wake, Bertila akakaanga. Gaudensia akala. Tumbo likakataa.

Safari hii alilia. "Basi," akasema, "hata mchele umenikataa. Msihangaike tena. Tutamwachia Mungu, kama ni kuishi mtoto ataishi." Akarudisha sahani ikiwa nusu, akageukia ukutani.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyewasha moto. Bertila akaja akapiga magoti penye mkeka wa wifi yake.

"Wifi, mchele haujakukataa. Ni mimi. Ile siku ya pili, chapati ya kwanza ilinipasukia, nikaona kaka atachekwa tena. Nikatia konzi ya ngano. Na jana nikatia. Sikuamini kwamba konzi moja inaweza kumdhuru mtu. Nilisema ni madeko ya mimba."

Severini akainuka mzima. "Bertila! Ungemuua!"

"Najua, kaka. Ndiyo maana nasema. Na lile jina nimeshalikosa, hilo nalijua pia."

Gaudensia akageuka kutoka ukutani, akamtazama. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli. Lakini ndani ya hasira hiyo alisikia kitu kingine: njaa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitaka kula.

"Inuka," akasema. "Kasugue kikaango kwa mchanga na majivu. Halafu mniletee chapati."

Bertila akasugua mpaka chuma kikang'aa. Skolastika akatwanga tena, na malengelenge yake. Severini akaongeza ndizi, akapunguza tui, akapunguza na moto, akafunika kwa mfuniko. Chapati ikapasuka kidogo pembeni, ikashikana katikati. Gaudensia akala moja. Wakasubiri. Akala tano. Tumbo likatulia. Kesho yake likatulia, na kesho kutwa. Akanenepa, akajifungua mtoto wa kiume mwenye kilo tatu na nusu, anayelia kama mwenye haki zake.

Sasa Jumamosi, katekista amekuja na daftari, ubatizo ni kesho. Akauliza, "Jina?"

Severini akasema, "Jina ni langu. Bila mimi mngetwanga mpaka leo, mngekula vipandevipande. Ni mimi niliyeufanya mchele uwe chapati."

Skolastika akasema, "Iliyoshikana ile siku ilishikwa na ngano ya dada yako, usijisifu. Jina ni langu. Ni mimi niliyeutoa unga kwenye vumbi la mashine, kwa mikono hii."

"Mama, labda mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa konzi."

"Haya, mpe mkeo unga wa mashine leo. Mpe, nikuone!"

Severini akakitazama kinu.

Bertila hakudai. Skolastika ndiye aliyemgeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Na huyu? Asingesema, mkwe wangu angekuwa bado amegeukia ukuta."

"Asingetia ngano, mama," Severini akajibu, "pasingekuwa na la kusema."

Katekista akasubiri, kalamu mkononi. Gaudensia akamhamishia mtoto bega la pili. Anamjua aliyeivumbua chapati yake. Anamjua aliyeisafisha. Anamjua aliyeiharibu, kisha akaitengeneza kwa kujivua nguo mbele ya watu. Aliahidi jina moja tu, na aliahidi mbele ya wote.

Ndugu zangu, nawaomba kitu kimoja. Asiondoke mtu kabla hajasema lake, na aseme kwa nini. Je, ni nani aliyestahili kumpa mtoto jina?