Kwa Nini Sauti Hujikwaa Shingoni

Nyinyi mnaomcheka mwenzenu sauti ikimkatikia katikati ya wimbo, kaeni niwaambie, angalau mjue mnacheka nini.

Hapo kale sauti ya binadamu ilikaa kifuani tu. Mwanamke aliimba kwa kifua, mwanamume kwa kifua, hata mtoto mchanga alilia kwa sauti nzito kama ndama. Kichwani hamkuwa na sauti. Kichwani mwa wengine hamkuwa na kitu chochote, na mpaka leo hamna.

Enzi hizo bibi harusi alipelekwa mpaka ukingo wa mto. Wakwe walisimama ng'ambo wakamwita kwa wimbo, na shangazi yake ndiye aliyejibu. Akijibu mara tatu asisikike, ilihesabiwa kuwa ukoo umekataa. Binti alirudishwa, wala hakuposwa tena.

Basi Wakesho aliolewa mwaka wa mvua kubwa. Ni yeye aliyemtaka bwana, hakulazimishwa. Shangazi yake, Mghoi, mwanamke wa kifua kipana, akasimama ukingoni akaimba. Mto ukaimeza sauti yake, maana nao ulinguruma kwa sauti nene ileile, na mnene zaidi humfunika mwenzake.

Mara ya pili akasukuma. Mishipa ikamtoka shingoni, akalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ng'ambo, Mwakio, mjomba wa bwana harusi, akatega sikio, akatikisa kichwa. Watu wake wakaanza kukunja mikeka.

"Shangazi, usinirudishe," Wakesho akasema.

"Nami nifanyeje, mwanangu? Kila nikisukuma inakufa."

"Basi usisukume!"

Mghoi akamtazama kama aliyetukanwa. Kisha akalegeza koo, akavuta pumzi, akaiacha sauti ipande yenyewe aone itakwenda wapi. Ikapanda. Shingoni ikakuta njia nyembamba, ikajikwaa, ikakatika, watu wakaangua kicheko. Lakini haikurudi chini. Ikaingia kichwani. Mghoi akajishika kifua: kimetulia. Akajishika paji la uso: linavuma kama mzinga wa nyuki. Sauti ikatoka nyembamba, safi, ikapita juu ya mngurumo wote.

Ng'ambo mikeka ikakunjuliwa.

Mwakio naye, kwa kuwa hakupenda kushindwa na mwanamke, akataka kujibu vilevile. Lakini sauti yake ilikuwa nzito na yeye hana subira. Ikauacha unene wote kifuani, ikafika juu nyepesi, imejaa hewa, kama upepo kwenye kibuyu kitupu.

"Mjomba amemeza kifaranga!" Wakesho akacheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo sauti ya Mwakio ilivuka mto, na ndoa ikafungwa.

Na kuanzia siku hiyo sauti ikawa na makao mawili, kifuani na kichwani, na wanaume wakabaki pia na ile ya Mwakio, ambayo wengine wao huiimba vizuri kuliko alivyostahili. Kila anayepanda hupita pale shingoni. Aliyejizoeza hupita taratibu, usijue alivuka saa ngapi. Mwenye kiburi husukuma, akakohoa mbele za watu.

Hamniamini? Wekeni mkono kifuani, muimbe mkipanda, bila kupiga kelele. Pale kifua kitakaponyamaza nanyi bado mnaimba, hapo ndipo alipopita Mghoi.