Kilemba cha Panzi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mtungi wa pombe, mtungini chachu, na ndani ya chembe moja ya chachu, uzi mrefu. Niseme, ninyamaze?

Sema, tuko macho!

Basi, uzi ule ulikuwa urithi. Kila chembe ilipochipuza mtoto, mtoto alipewa uzi kama wa mama yake, kipande kwa kipande. Ukikatika usiungike, chembe inakufa na wote waliomo.

Juu ya uzi aliishi Panzi, jitu la tumbo na mapaja. Akiruka, ta! uzi unakatika. Akitua, pu! anaacha panzi mwingine. Wenyeji wanaunga, Panzi anaruka. Wanaunga, Panzi anaruka. Mshenzi yule hakushiba nafasi.

Jirani yake juu ya uzi uleule alikuwa Sisimizi, fundi wa kuviringisha uzi kwenye shanga, pamoja na mwanawe Tunu, mwimbaji. Sisimizi aliona uzi umejaa viraka, akahofia roho ya mwanawe.

"Shikamoo, Bwana Panzi. Mkubwa kama wewe, kichwa wazi? Si aibu yetu hiyo?"

"Marahaba. Unataka kunitawaza?"

"Nikufunge kilemba. Ila anayetawazwa hatikisiki."

"Kiwe kirefu kuliko vyote!"

Sisimizi akaviringisha uzi juu yake, krr, krr, shanga kwa shanga.

"Ongeza!"

Krr, krr, mpaka kifuani.

"Ongeza!"

Krr, krr, mpaka mapajani. Uzi wa upande wa Panzi ukaisha, na kilemba hakijakaza. Ukabaki ule wa upande wa Tunu. Sisimizi akauvuta huohuo.

"Mama, unanibana!"

Akiachia, Panzi ataruka na wote watakufa. Sisimizi akalia, akakaza.

Panzi akanyamaza. Tunu naye akanyamaza.

Uzi ukapona. Hakikufutwa hata kipande. Kilichofungwa kilifungwa tu. Chembe ikachipuza, mtoto akazaliwa na uzi mzima, na kilemba chake, na kimya chake. Wenyeji wakacheza ngoma, wala hakuna aliyeuliza mwimbaji yuko wapi.

Funzo, wanangu: kilemba ni heshima. Ukifungwa, shukuru, tena omba uongezewe.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mwachieni Sisimizi, ambaye mpaka leo anakaza shanga zile huku akitamani zilegee kidogo, amsikie mwanawe.