Injinia Aliyening'inia Kisimani

Kama ofisini kwenu, kikundini kwenu au hata jikoni kwenu kuna yule mtu mmoja ambaye kila kitu anakijua peke yake, weka kikombe cha chai chini kwanza. Usije ukajimwagia.

Palikuwa na chuo cha ufundi kanda ya kati, kule ambako maji huyangoji bombani, unayafuata chini ya ardhi, tena kwa adabu. Mwalimu wa usanifu wa mashine alikuwa mama mmoja mfupi, jina lake Sechelela. Hakuwahi kupaza sauti hata siku moja. Wanafunzi walimwogopa kuliko wale waliokuwa wakipiga kelele.

Siku ya kwanza ya muhula aliwagawa wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika makundi ya watu wannewanne.

"Kila kundi litaunda winchi ya mkono ya kumtoa mtu kisimani," akasema. "Mna wiki nane. Siku ya mtihani nitamtaja mmoja wenu, naye atashushwa kisimani. Wanaobaki juu watakuwa na dakika kumi na tano kumtoa. Wakishindwa, kundi zima linarudia mwaka."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Darasa likaacha kucheka.

"Kabla hamjashika nyundo, kaeni mpange. Nani anafanya nini. Nani anamfundisha nani. Kitu kikiharibika, nani anasema. Andikeni kwenye karatasi moja, kila mtu atie saini yake. Naitaka kesho."

Kundi la tatu lilikuwa na Yoramu. Huyu alikuwa kichwa. Wenzake walimwita Injinia tangu mwaka wa kwanza, naye aliitika. Wengine watatu walikuwa Masumbuko, ambaye mdomo wake ulifika darasani kabla ya miguu, Zefania, mwenye nguvu za ng'ombe wa jembe na haya ya bibi harusi, na Nyamizi, binti wa fundi baiskeli, aliyesema machache.

Walikaa kupanga kwa muda wa kula sahani moja ya chipsi.

"Injinia, wewe si upo?" akasema Masumbuko. "Sisi tutapanga nini tena? Andika unavyojua, mwanangu. Na mimi unisainie."

"Na mimi," akasema Zefania, huku akitazama chini.

Nyamizi akauliza, "Lakini si amesema tufundishane?"

Yoramu akacheka puani. "Nyamizi, dada yangu, kukufundisha wewe kutanichukua muda mrefu kuliko kuunda mashine yenyewe. Niachieni. Alama mtapata."

Akaandika karatasi tamu kama risala ya harusi: tutashirikiana, tutaelekezana, kila mmoja ataijua kazi ya mwenzake. Chini zikawekwa saini nne.

Kwa wiki nane Yoramu alijifungia karakanani. Masumbuko alipewa brashi apake rangi ya bluu. Zefania alibeba vyuma. Nyamizi alishona mkanda wa kumvalisha atakayeshuka. Mtu akisogea kuchungulia, Yoramu aliifunika mashine kwa turubai, kama mke mwenza anayeficha sufuria.

Na tuseme kweli, mashine ilitoka nzuri. Siku ya mtihani, saa nne asubuhi, ilisimama juu ya kisima cha chuo inang'aa. Yoramu alishajipangia: atatajwa mmoja wa hawa abiria wake, yeye atazungusha mkono wa winchi, watu watapiga makofi.

Pembeni alisimama Mzee Chidumizi, mchimba visima, na wanawe wawili, na kamba yao.

"Mzee na vijana wake watamshusha mtu hadi karibu na maji," akasema Mwalimu. "Akifika, atajifunga kwenye kamba ya winchi yenu. Kamba ya Mzee itabaki mwilini mwake, imelegea. Akisema 'vuta', Mzee anamtoa salama. Ila kundi limeanguka. Na nikishataja jina, hakuna kuongea mpaka afike chini. Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Yoramu."

Yoramu akafungua mdomo. Mwalimu akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. Yoramu akafunga mdomo. Akamtazama Masumbuko, Masumbuko akatazama mawingu.

Alishuka akiwa na macho ya mbuzi wa sikukuu.

Mita kumi na nane chini akajifunga kwenye ndoano ya winchi yake. Kamba ya Mzee ikalegea. Sasa alining'inia kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe, miguu shibiri chache juu ya maji meusi. Mwalimu akabonyeza saa.

"Mtoeni."

Masumbuko akaushika mkono wa winchi, akasukuma. Haukwenda. Akaja Zefania, mishipa ya shingo ikamtoka. Haukwenda.

"Injinia!" Masumbuko akaita kisimani. "Mashine imenuna!"

"Haijanuna! Nimeifunga ulimi!"

"Ulimi gani tena? Mashine inaongea?"

"Ulimi unaoshika meno ya gurudumu! Inua, geuza upande wa pili!"

"Gurudumu lipi? Yako matatu!"

 Hapo ndipo Yoramu, kule chini, alipofahamu jambo. Watu hawa hawakujua jina la kitu chochote. Yeye ndiye aliyehakikisha.

"Dakika nne zimekwisha," akasema Mwalimu. "Na kabla sijasahau, Yoramu: hii ndiyo mashine nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu. Ingekuwa na alama tisini. Hongera. Utakuja kuzichukua huku juu."

Mkanda ulikuwa umeanza kumbana kifua. Mara ya kwanza neno "vuta" lilimfika kwenye meno. Akalimeza.

"Masu!" akaita. "Ulipopaka rangi, kuna mahali nilikukataza. Wapi?"

"Pale penye kichuma kama kidole gumba. Ulinitukana pale."

"Hicho ndicho ulimi! Usikiguse kwanza! Ukikiinua, kinachonishika ni breki peke yake. Breki ni ule mkanda unaokumbatia rola kubwa. Una kikanyagio. Mmoja akanyage, mwingine ainue ulimi, augeuze, halafu mzungushe. Umeelewa?"

"Kaka, leo naelewa kuliko miaka mitatu yote!"

Masumbuko akakanyaga kwa miguu yote miwili. Zefania akainua ulimi.

Rola ikateleza kama sabuni. Mkono wa winchi ukazunguka, ukapita karibu na taya la Masumbuko. Chini ukasikika ukelele, kisha maji. Nyamizi akaruka, akaurudisha ulimi kwenye meno kwa kiganja chake. Mashine ikasimama kwa kishindo. Kiganja kilichanika, damu ikadondokea ile rangi ya bluu.

"Nivute?" Mzee Chidumizi akauliza, kamba imeshakaza mikononi.



"Usivute, Mzee!" sauti ikatoka chini. "Nipo! Niko kwenye maji ya magotini, lakini nipo. Breki imekuwaje? Jana ilishika!"

Zefania akaipangusa mikono yake kwenye suruali. "Mimi," akasema. Kisha akasogea ukingoni, akasema kwa nguvu: "Yoramu, ni mimi! Asubuhi niliipaka grisi!"

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Na kwenye mkanda wa breki?"

"Kila mahali, Yoramu. Wiki nane sijafanya kitu. Nilitaka na mimi niseme nimefanya kitu."

Ungetegemea tusi. Wote walilingoja. Halikuja. Mtu akiwa kwenye maji ya magotini, uhai wake u mikononi mwa watu watatu walio juu, matusi humpungua sana.

"Hukukosea wewe," Yoramu akasema hatimaye. "Sikukwambia pasipopakwa. Sasa hapo mimi sijui. Mkanda wa breki wenye grisi sijui tunaufanyaje. Nyinyi mnajua?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Injinia kutamka "sijui" ndani ya eneo la chuo.

"Dakika tisa," akasema Mwalimu.

"Majivu," akasema Nyamizi.

"Nini?"

"Nyumbani breki ya baiskeli ikiingia mafuta, baba anaifuta kwa kitambaa kikavu, halafu anaisugua kwa majivu. Masu, kimbia kwa mama muuza uji! Majivu yaliyopoa, pembeni ya jiko!"

Masumbuko alikimbia. Wanaomjua wanasema hajawahi kukimbia vile hata chakula kilipokuwa kinaisha bwaloni. Alirudi na majivu ndani ya kofia yake. Nyamizi alivua kilemba, akaufuta mkanda, akasugua majivu, akafuta, akasugua tena. Damu, grisi na majivu vikamchafua hadi viwikoni.

"Dakika kumi na mbili."

"Yoramu," Nyamizi akaita, "kikanyagio nakikanyaga mimi. Zefania anainua. Ukiona unashuka, sema."

Kule chini Yoramu akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Inua."

Zefania akainua ulimi. Rola ikanung'unika, ikasogea upana wa kidole, ikakaa. Ulimi ukageuka. Kisha ukaanza kulia kwenye meno: ta, ta, ta. Zefania akazungusha kwa mikono miwili, Masumbuko akadandia upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifanya kazi bila kuongea.

Kichwa cha Injinia kilichomoza zikiwa zimebaki sekunde ishirini. Wakamvuta, akalala kifudifudi juu ya udongo kama kambale.

Darasa likapiga makofi. Mwalimu Sechelela akangoja yaishe, akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa ileile tamu kama risala.

"Mnajua kwa nini nilimtaja Yoramu?"

"Kwa sababu ndiye anayejua," akasema Masumbuko.

"Hapana. Hapa pana saini nne. Nyamizi, saini yako ni ipi?"

Nyamizi akatazama. Akatazama tena. "Hakuna yangu, Mwalimu. Nilikwenda kunawa mikono, niliporudi nikakuta imeshapelekwa."

"Saini nne, mwandiko mmoja. Nimelijua hilo tangu siku ya pili. Anayesaini ameahidi. Aliyeahidi alikuwa mmoja, basi mmoja huyo ndiye niliyemshusha." Akaikunja karatasi mara mbili, akairudisha mkobani. "Kundi lenu lina umri wa dakika sita. Alama zenu nitazihesabu kuanzia pale mtu aliposema 'sijui'. Mmefaulu, kwa shida. Lakini kesho saa nne mnarudi hapahapa, na atashuka mwingine. Nataka karatasi mpya."

Akawapa kalamu. Yoramu akaipokea kwa mkono unaochuruzika maji. Akaitazama kidogo, akampa Nyamizi.

"Andika wewe. Mimi nitataja vyuma, kimoja kimoja. Mnisimamishe pale msipoelewa."

Masumbuko akakaa chini, akajipangusa majivu usoni. "Na safari hii, wajomba," akasema, "asinisainie mtu."

Funzo: Ukiwaficha wenzako kazi ili uonekane wewe tu, siku utakapokuwa shimoni watabaki kukuonea huruma, na huruma haizungushi winchi, nawe uliyezoea kubebwa, jifunze leo, maana kamba ya mwenzako iko mkononi mwako.