Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana pikipiki zilikuwepo na simu za kupigia picha zilikuwepo, mke na mume wa Tukuyu walikwenda Uingereza kutembea.

Mume aliitwa Ambakisye, fundi pikipiki, mtu wa mikono mizuri na masikio mazito. Mke aliitwa Sekela. Tangu aolewe, Sekela alipanda nyuma ya pikipiki ya mumewe. Alipanda akiwa na mimba ya Lusajo, mtoto wao. Alipanda na mkungu wa ndizi mapajani. Alipanda siku waliyompeleka mama mkwe hospitali, mama mkwe katikati, yeye Sekela akining'inia kwenye chuma cha mizigo. Kiti kile cha nyuma kilikuwa chake kama kitanda chake. Ukitaka kumwona Sekela amebadilika sura, mwambie umemwona mumewe amepakia mwanamke.

Huko Uingereza aliishi Gwakisa, mdogo wake Ambakisye. Miaka mingi alikuwa huko, peke yake, katika nyumba yenye vyumba vya kutosha na watu wasiotosha. Ndiye aliyewaita. Alisema, "Kaka, kuna msafara wa pikipiki, unazunguka nchi yote mpaka milima ya kaskazini. Nimekuandikisha wewe na shemeji. Pikipiki mtachukua yangu. Njooni mapema kidogo, mwone mambo kabla ya safari."

Wakaenda, wakaona mambo. Waliona saa kubwa ya London, na Sekela akauliza kama mnara wote ule umejengwa ili watu waambiwe wamechelewa. Waliona daraja linalofunguka katikati kama mdomo. Waliona askari wenye kofia za manyoya, wasiocheka. Sekela akawacheka yeye.

"Shemeji, usitutie aibu," alisema Gwakisa.

"Aibu gani? Mimi ndiye niliyevaa dubu kichwani?"

Hizo zilikuwa siku njema. Kisha Gwakisa akawapeleka shamba, kwenye magofu ya nyumba ya watawa wa kale.

Pale paa lilishaanguka zamani, na majani yalikuwa yameota ndani walimokuwa wakisali watu. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama, na katika ukuta huo mlango wa mawe usio na ubao. Ng'ambo ya mlango hapakuwa na chumba. Palikuwa na bwawa la maji meusi. Upepo ulikuwa ukivuma, majani yakilala, lakini maji yale hayakutikisika. Sekela aliyatazama mara moja akayapa mgongo.

Wanaume wakaenda kuzunguka mawe. Sekela akakaa chini akafungua chombo chake cha chakula, ndizi na maharage alivyopika mwenyewe, kwa sababu mikate baridi ya Gwakisa ilikuwa imemshinda. Alipoinua kijiko, aliona mwanamke amesimama katika mlango ule. Gauni lake la kijivu lilifika chini, na pindo lake lilikuwa limelowa.

Sasa, kwetu mtu akikukuta unakula, unasemaje? Unasema karibu. Naye anasemaje? Anasema asante, endelea. Unaendelea. Hakuna anayetegemea chakula kitoke. Sekela naye, kijiko mkononi, akasema, "Karibu, mama, tule."

Mwanamke akasema, "Asante, nimekaribia." Akaja akakaa.

Sekela alikasirika kabla ya kuogopa. Akampa sahani, mwanamke akala, akatafuna taratibu, akameza, akajifuta mdomo. Ambakisye akaita kutoka upande wa pili, "Mama Lusajo! Njoo tupige picha!" Sekela akageuka kumjibu. Alipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Sahani ilikuwa imejaa vilevile. Akaonja. Ndizi hazikuwa na chumvi, hazikuwa na utamu, hazikuwa na kitu. Ilikuwa kama kutafuna gazeti lililonyeshewa.

Wakapiga picha mbele ya ukuta, mke na mume bega kwa bega. Ndani ya gari Gwakisa akaifungua ile picha.

"Mmegombana?" akauliza.

Kwenye picha walikuwa wamesimama mbalimbali. Kati yao palikuwa na nafasi, kipimo cha mtu mmoja.

"Simu yako mbovu," alisema Ambakisye, akaendelea kuuliza habari za tairi.

Sekela aligeukia dirisha la gari. Ndiyo kwanza alikuwa amekumbuka kwamba yeye Kiingereza chake kinaishia kwenye asante na kwaheri, na mwanamke yule alikuwa amesema naye, naye akaelewa yote. Kwa lugha gani? Alitafuta kichwani asiipate. Akanyamaza. Angesema nini? Kwamba amemlisha mtu asiyemjua ndizi, na ndizi hazikupungua?

Kesho yake mvua ilinyesha, wakashinda ndani. Ambakisye alikuwa sebuleni, ameinamia kofia ngumu za safari, anazing'arisha, moja yake na moja ya mkewe. Mlango ukagongwa. Kwetu mlango ukigongwa, aliye karibu ndiye anayeitikia. Ambakisye akaitikia bila kuinua kichwa.

"Karibu! Pita ndani!"

"Kaka!" alisema Gwakisa. "Hapa watu hawaambiwi pita. Unakwenda dirishani, unachungulia kwanza."

"Mgeni anachunguliwa kama mwizi? Umeharibika, mdogo wangu."

Mlango ukafunguka, na hakuna aliyeona mkono ukiufungua. Mwanamke wa gauni la kijivu akaingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na moto. Sekela akatoka jikoni na chai. Alipomwona, sinia lilimtoka mkononi.

"Umepaka siagi mikononi?" mumewe akamtania. "Mletee jirani chai."

Ambakisye aliamini huyo ni jirani wa Gwakisa. Gwakisa aliamini ni mtu wa msafara, rafiki mpya wa kaka yake. Kila mmoja alimchekea mgeni kwa sababu ya mwenzake. Sekela peke yake ndiye aliyemjua, na Sekela akaokota vikombe vilivyovunjika, akanyamaza mara ya pili.

Jioni ikafika, mgeni haagi. Gwakisa akafurahi, maskini. Nyumba ile kwa miaka haikuingia mtu isipokuwa msoma mita. Akatoa shuka mpya zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani, akatandika chumba kizuri, akapapasa mto kwa kiganja.

"Lala, mama," akasema. "Usione haya. Hapa ni kwako."

"Asante," alisema mwanamke. "Sijawahi kuambiwa hivyo."

Asubuhi ya safari, Gwakisa aliingia kumwamkia mgeni. Shuka hazikuwa na mkunjo uliozidi. Lakini alipoegemea kitanda, godoro lilitoa maji kati ya vidole vyake, maji meusi, yenye harufu ya mawe. Akaita watu. Hapo ndipo Sekela aliposema yote, tangu kijiko mpaka sinia. Wakatazamana. Wakatoka nje mbio.

Pikipiki ilikuwa uani, imefungwa mizigo. Mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma. Kofia ya Sekela ilikuwa magotini mwake, anaizungusha polepole. Tairi la nyuma lilikuwa limebonyea na springi zimezama, kama pikipiki imepakiwa gunia juu ya gunia la saruji. Ambakisye, fundi mzima, akashika usukani akasukuma. Hata haikutikisika. Akawasha. Injini ikakohoa ikazima. Mwishoni mwa barabara msafara ulikuwa umejipanga, pikipiki zinanguruma, kiongozi wao anapunga mkono: njooni, tunaondoka.

Sekela akasogea.

"Mama, hicho ni kiti changu."

"Najua," alisema mgeni. "Nimepumzika tu. Sikuja kukuibia mume."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Mmenikaribisha. Watu wanakuja pale kwangu kila siku, wanapiga picha, wanatema mbegu za matunda, wanakwenda. Ninyi mmenikaribisha. Nimekula, nimeingia, nimelala. Sasa naaga. Mwenyeji wangu asimame, anisindikize."

"Mpaka wapi?" Gwakisa akauliza.

"Si mnajua? Mpaka nitakaposema, basi, rudi."

Walijua. Mwenyeji hageuki njiani kwa kupenda kwake, mgeni ndiye anayemruhusu. Nyumbani Tukuyu Sekela aliwahi kumsindikiza mke wa mchungaji, mwenye maneno mengi, mpaka akajikuta amesimama uani kwa huyo mama. Akaukumbuka mlango wa mawe, na maji yasiyotikisika.

Ambakisye akasema wa kwanza. "Mama Lusajo, wewe ndiye uliyeanza. Usingemwita kula, asingetujua."

"Nilisema la mdomoni!" Sekela akaruka. "Wewe mwenyewe unawaita watu kula wakati sufuria limeshaoshwa. Alikula akarudi kwao, yakaisha. Aliyemwambia apite ndani ni wewe. Umeiona sura yake? Hukuinua hata kichwa!"

"Mlango uligongwa! Mlango ukigongwa nijibu nini, toka? Na tena, mlango si wangu. Mimi mwenyewe humu ni mgeni. Tangu lini mgeni akawa mwenyeji? Mwenye nyumba yupo hapa, ana kitanda, ana shuka."

"Mimi?" Sauti ya Gwakisa ilipanda kama ya mtoto. "Mimi niliyekuambia uchungulie? Nimemlaza kwa heshima yako, kaka. Nilidhani ni mtu wako. Mtu wako ningemlazaje nje?"

"Lakini ulimwambia hapa ni kwake," alisema Ambakisye. "Sisi hatukumwambia hivyo."

"Na mkeo alimjua akanyamaza! Angesema neno moja tu mbele ya lile sinia, mimi ningetandika?"

Sekela akaukung'uta mkono wake kama bado una chai ya jana.

Kisha, bila kupanga, mke na mume wakajikuta wanamtazama Gwakisa, wote wawili, kwa jicho moja. Naye akaliona.

"Aha," akasema. "Mnanitazama mimi kwa sababu sina mke wala mtoto. Nisiporudi, hakuna wa kuuliza. Si ndiyo?"

Mwishoni mwa barabara msafara ukaondoka. Ngurumo zikapungua, zikawa kama nyuki, zikaisha.

"Semeni polepole," alisema mgeni, bado anazungusha kofia. "Mimi sina haraka. Ila jua likifika juu ya paa hili nanyanyuka, na mmoja wenu anakuja nami."

Wakatazama juu. Siku zote zile jua la Uingereza lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu kama mwenye deni. Siku hiyo lilitoka, jeupe, likaanza kupanda ukutani kwa jirani.

Sekela akanyoosha mkono kuichukua kofia yake. Mgeni akaiachia bila ubishi. Ndani ilikuwa imelowa. Sekela akaishika kifuani, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni, asijue kama anaivaa ili apande au anaiweka chini ili aende na mgeni.

Basi ninyi mnaosikiliza, acheni kukohoa mnijibu, maana jua halikungoja. Sekela alimwita kula bila kutaka aje, kisha akamtambua akanyamaza. Ambakisye alimkaribisha ndani bila kumtazama. Gwakisa peke yake alimkaribisha kwa moyo, akamtandikia, na neno lake alilimaanisha. Mwenyeji wa mtu ni yupi hapo, aliyetamka bila kutaka, aliyeitikia bila kuangalia, au aliyependa kweli? Na msiniambie hakuna, maana mgeni alikula, aliingia, alilala, na kivuli cha paa kilikuwa kimeshafupika mpaka miguuni pake.

Je, nani alistahili kumsindikiza?