Moto wa Mlangoni kwa Mzee Asajile

Hapo zamani, siku ambazo pikipiki za vilima vya Rungwe ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, alikuwako fundi aliyeitwa Osia. Fundi huyu alikuwa na sikio. Pikipiki ikipita barabarani, yeye yumo ndani anakunywa chai, atakwambia inaumwa nini. Watu walimsifu, na sifa zile alizipenda.

Jirani na Osia aliishi Gwakisa na mkewe Bupe, pamoja na baba yake Gwakisa, Mzee Asajile. Mzee alikuwa amepooza miguu. Kila Alhamisi Gwakisa alimpakia baba yake kwenye pikipiki yake kuukuu, akamfunga mgongoni mwake kwa khanga ili asidondoke, akampeleka kwa daktari. Njia nyingine hawakuwa nayo.

Basi pikipiki ikaanza kuugua. Inakwenda, inakata. Inakwenda, inakata. Na ukiachia mafuta ghafla, bomba la moshi linalia paa, kama bunduki. Gwakisa akaikokota mpaka kwa Osia.

Osia akafungua plagi. Akaikuta nyeusi tii, imelowa petroli. Akaisugua, akairudisha, akasema, "Imepona." Pikipiki ikatulia siku tano, kisha paa.

Gwakisa akairudisha. Osia akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake, akakung'uta mchanga, akasema, "Imepona." Pikipiki ikatulia siku tatu, kisha paa.

Gwakisa akairudisha tena. Safari hii Osia akafungua pointi, vile vibati viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ili cheche itoke kwa wakati wake. Akavikuta vimeliwa. Hapo ndipo alipoujua ugonjwa. Cheche ilikuwa dhaifu, na petroli isiyoungua ndani ya injini ilikuwa inakwenda kulipukia kwenye bomba. Dawa yake ilikuwa moja tu, pointi mpya kutoka mjini.

Lakini Osia alikuwa amekwisha kumwambia mtu yule mara mbili kwamba imepona. Aliona haya kumwambia sasa kwamba siku zote zile hakuwa ameujua ugonjwa. Akavipiga vibati msasa, akakadiria mwanya wake kwa karatasi ya sigara, akafunga.

"Imepona," alisema. Gwakisa alipokwisha kuikalia, akaongeza, "Ila shingo ya bomba imepasuka, inaweza kutema moto. Usiiwashe karibu na kitu kikavu."

"Nimesikia, fundi."

Alhamisi ikafika. Ilikuwa kiangazi kikali, na upepo ulikuwa unavuma tangu alfajiri. Gwakisa alitaka kuiwashia pikipiki barabarani, mbali na nyumba yao ya nyasi. Bupe akamwita.

"Ilete mpaka mlangoni, mume wangu. Leo baba hata kuketi kwake ni kwa shida."

Gwakisa akaangalia nyasi za paa. Akamwangalia baba yake kitandani, amekwisha kuvaa koti lake la safari, anangoja. Akaisogeza pikipiki mpaka mlangoni, nyuma yake, penye bomba, ikawa chini ya upenu. Akaiwasha. Ikakata. Akaiwasha tena, akavuta mafuta, akaachia. Paa. Paa. Akaizima, akafuatana na Bupe kwenda kwa jirani mwingine kuazima kiti cha kumbebea mzee. Hawakugeuka nyuma.

Walipotoka na kiti, paa zima lilikuwa linawaka. Gwakisa alijitupa ndani. Watu wakamtoa mikono imeungua mpaka kwenye viwiko. Mzee Asajile hakutoka.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukaketi uani. Dada wa marehemu, Bi Tupokigwe, akamwita Osia.

"Wewe ndiye fundi. Fungua hicho chuma utuambie moto ulitoka wapi."

Pikipiki ilikuwa imebaki mifupa mitupu. Osia akapiga magoti, akafungua kifuniko cha pointi. Vibati vilikuwamo, vyeusi, na uani pale hapakuwa na mtu wa kuvisoma isipokuwa yeye. Angesema ni shingo ya bomba, wote wangeamini. Aliinamia chuma kile muda mrefu, hata watu wakadhani anasali. Kisha akainua uso.

"Moto ule ni wangu," alisema. "Ugonjwa niliujua, nikauficha. Nilisema imepona nikijua haijapona, kwa kuona haya tu. Kama ningesema ukweli, Gwakisa asingeiwasha."

Gwakisa akasimama, mikono yake imefungwa vitambaa. "Hapana, fundi. Moto ule ni wangu. Wewe ulinionya. Nami niliziona nyasi kwa macho yangu, nikasema moyoni, ni mara moja tu. Tena onyo lako sikumwambia mke wangu. Yule alikuwa baba yangu, si baba yako."

Bupe alikuwa ameketi chini, uso ameuficha ndani ya khanga. Alisema bila kuufunua. "Moto ule ni wangu. Siku mbili kabla, nilikuwa nafua, nikaona ulimi wa moto unatoka kwenye bomba. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba mume wangu akijua ataiacha pikipiki, na baba atakosa dawa. Na ni mimi niliyesema iletwe mlangoni."

Bi Tupokigwe akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Sitaki kumfukuza mtu," alisema. "Sitaki fidia. Ndugu yangu nilizaliwa nikamkuta, nimemzika hana uso wa kuagwa. Nataka jina moja tu. Nataka kumjua aliyeniulia ndugu yangu, nimshike mkono nimsamehe, nipate kulala. Watatu kwa pamoja siwawezi."

Wazee wakatazamana mpaka jua likahama uani. Bibi yule akabaki ameunyosha mkono wake.

Nanyi mnaonisikiliza, mngekuwa wazee wale, mngemwambia nini? Fundi aliona haya, mwana aliona nyasi akawasha, mkwe aliona moto akanyamaza. Je, mkono ule ulistahili kumshika nani?