Toleo Lisilo na Jina

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokwisha kupanda milima ya Taita, watu watatu walikuwa wakiandika kamusi ya lugha yao. Kila toleo walilipatia jina la mtu aliyelistahili. Mmoja tu, hawakutaka mchezo.

Kazi waliiweka katika programu ya ajabu. Ukiiamuru “tayarisha”, inapokea maneno yako. Ukiiamuru “funga”, inayatia muhuri. Na “rudisha” je? Mwongozo ulisema: “Hurudisha kazi katika hali yake.” Hali ipi? Mwongozo kimya.

Wakesho alikaa na bibi yake mgonjwa mwezi mzima. Bibi akitaja neno, Wakesho anaandika, anatayarisha. Bibi akitaja, anaandika, anatayarisha. Kufunga, hakufunga. Bibi akafariki.

Baada ya maziko Wakesho alikosea ukurasa mmoja. Akasoma mwongozo, akaamuru “rudisha”. Lo! Mwezi mzima ukafutika. Maneno mia sita, na wa kumuuliza hayupo. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Lakini hakuficha. Aliwaambia wenzake, “Nimefanya kama nilivyosoma, na nimepoteza kila kitu.”

Righa, fundi wao, akaingia ndani kabisa ya programu. Siku ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Ya tatu akaita, “Jamani, njooni!”

Sikieni, nawaambia! Programu haikuwa imetupa kitu! Vipande vilikuwa humo, havina jina, havina ukurasa. Neno la ukungu unaopanda. Neno la ukungu unaoshuka. Neno la mtoto anayecheka usingizini. Bibi amezikwa, na maneno yake yanatoka moja baada ya jingine! Hakuna aliyethubutu kuketi.

Ndipo Mkawasi, mwalimu, akaushika mwongozo. Wiki nzima aliandika na kufuta, mpaka akabakiwa na maneno saba: “Rudisha hufuta yote ambayo hujayafunga. Funga kwanza.” Mwongozo ukasambaa kwa wote walioitumia programu ile. Zikaja barua kutoka miji wasiyoijua: “Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Maneno yenu yamenizuia.” Maneno saba tu, jamani!

Toleo jipya likawa tayari. Jina la nani?

“Langu,” alisema Wakesho. “Nisingekiri, mngejuaje kuwa mwongozo una kasoro?”

“Langu,” alisema Righa. “Nani aliyeyafufua maneno?”

“Uliyafufua ya mmoja,” alisema Mkawasi. “Mimi nimeyalinda ya watu nisiowajua.”

“Na ule mwongozo wa kwanza, kaka Righa, aliuandika nani?” Wakesho akauliza.

Righa akainamisha kichwa. “Mimi.”

Wakesho akamgeukia Mkawasi. “Nawe mwalimu, ulijuaje moja kwa moja pa kurekebisha?”

Mkawasi akasema, “Mwaka jana nilipoteza kazi yangu vivyo hivyo. Niliona aibu, sikumwambia mtu.”

Wakesho naye akakumbuka siku zote thelathini ambazo hakufunga.

Wenzake wakamwachia kalamu, wakasema, “Andika wewe. Yaliyokaribia kupotea yalikuwa maneno ya bibi yako.” Akaishika kalamu juu ya jalada tupu.

Haya, mnaonisikiliza, msitazame chini. Je, ni nani aliyestahili?