Mkeka wa Roho wa Bi. Mashavu

Hadithi ninayo, jibu sina. Nisikilizeni, kisha mnisaidie. Palikuwa na watu watatu. Bi. Mize, fundi wa ngoma za pepo, alijua kukataa. Daktari Kokubanza, wa magonjwa ya ndani, alijua kungoja. Daktari Mshana, wa upasuaji, alijua kupita padogo. Wote watatu walikutana kwa Bi. Mashavu, msuka mikeka wa Pangani.

Bi. Mashavu alikuwa akiinama tu kuokota ukili, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, jasho linamtiririka. Kisha hutulia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa nyumbani wakasema ana pepo. Yeye aliogopa kufa akiwa ameinama, na mkeka haushonwi kwa kusimama.

Bi. Mize alipiga ngoma, pepo hakupanda. Ngoma ziliponyamaza, akamwinamisha Bi. Mashavu juu ya chetezo amfukize, papo hapo hali ile ikamjia. Fundi mwingine angeendelea kupiga na kula mbuzi wa watu. Bi. Mize alifunga ngoma zake.

"Pepo huja kwa kuitwa," alisema. "Hili linakuja kwa kuinama. Mpelekeni hospitali, na hilo la kuinama mkaliseme."

Daktari Kokubanza alilishika neno hilo. Akapima presha, akapima mkojo, akapiga picha, akakuta uvimbe kama limau kwenye tezi inayokaa juu ya figo mithili ya kofia. Kila ulipobanwa, ulimwaga homoni kwenye damu. Sefu, mume wa Bi. Mashavu, akataka utolewe siku ile ile. Daktari akamwambia kwamba ukiguswa kabla mishipa haijatulizwa, mkewe angeweza kufia mezani. Akaanza kumpa dawa, na baada ya siku chache akamwambia anywe maji mengi na ale chumvi, ili damu iijaze mishipa iliyolegezwa na dawa. Majirani walicheka: tangu lini mwenye presha akaambiwa ale chumvi? Sefu alinuna. Bi. Mashavu alikula chumvi yake wiki baada ya wiki, akiogopa kimyakimya.

Yaliyofuata alisimuliwa, kwani mwenyewe alikuwa usingizini. Daktari Mshana hakumpasua tumbo zima. Alitoboa matundu madogo, akaingiza kamera na vyuma vyembamba, macho yake kwenye skrini. Alipougusa uvimbe, presha ikaruka. Mwenye pupa angevuta amalize. Yeye aliondoa vyuma, akasimama mpaka daktari wa usingizi alipompa ishara. Ndipo akafunga mshipa wa damu wa uvimbe, akautia uvimbe katika kifuko na kuutoa kwa tundu moja alilolipanua kidogo. Kesho yake Bi. Mashavu alitembea kwa miguu yake.

Sasa sikieni mtihani wenyewe. Katika ukoo wao, mwanamke aliyeponea chupuchupu hushona mkeka wa roho, na siku ya dua humketisha juu yake aliyemponya. Humketisha mmoja tu, na mkeka wa pili haushonwi, maana ni kama kuualika ugonjwa urudi.

Basi nyumbani kila mwamba ngoma akavutia kwake. Mama mkwe alimtaka Bi. Mize: bila yeye wangepiga ngoma mpaka siku ya mazishi. Sefu, kwa haya, alimtaka Daktari Kokubanza: haraka yake mwenyewe ingemfanya mgane. Dada mtu alimtaka Daktari Mshana: aliyechomwa na mwiba humshukuru aliyeutoa. Bi. Mashavu aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa.

Siku ya dua waponyaji wale watatu walifika pamoja, wakavua viatu mlangoni. Bi. Mashavu akachukua mkeka, akainama kuutandika, polepole, akiungojea moyo wake uanze mbio kama zamani. Haukuanza. Machozi yakamtoka, bado ameinama.

Alipoinua uso, wote watatu walikuwa wanamtazama. Je, ungekuwa wewe, ungemwambia nani, "Karibu, keti"?